Somo: Kurekebisha resipi ya eli ya kaharabu ikae sawa

Wanaopika eli ya kaharabu (bia ya rangi nyekundu-kahawia) nyumbani wengi hukwama mahali pamoja: rangi nzuri, lakini bia nzito, tamu kupita kiasi, na glasi ya pili haishuki. Mara nyingi tatizo ni kutafuta rangi kwa kimea cha karameli. Karameli inaleta rangi, sawa, ila inakuja na sukari ambazo hamira haiwezi kuzila zote. Rangi itafute kwa kimea kilichochomwa, tena kidogo sana, na karameli uiachie kazi ya ladha.

Anza na hii, lita 20 ndani ya ndoo ya kuchachushia, kwa ufanisi wa asilimia 70 (sehemu ya sukari ya kimea inayofika ndooni):

- Kimea cheupe cha shayiri, kilo 4
- Kimea cha Munich, gramu 500
- Karameli ya kati (Lovibond 60, kipimo cha rangi), gramu 350
- Kimea cha chokoleti, gramu 50
- Hopsi (maua ya kutia uchungu na harufu) za Magnum (asidi alfa, chanzo cha uchungu, 12%), gramu 15, zichemke dakika 60
- Hopsi za Cascade (6%), gramu 30 zikibaki dakika 10, na gramu 30 nyingine moto ukizimwa
- Hamira kavu ya eli ya Kimarekani, pakiti ya gramu 11.5

Unalenga uzito wa 1.051 mwanzoni na 1.012 mwishoni (maji matupu ni 1.000, sukari huupandisha), yaani kilevi cha asilimia 5 na ushee, na uchungu wa karibu IBU 30 (IBU ni kipimo cha uchungu wa bia).

1. Maji. Yakiwa na klorini, ponda nusu kidonge cha Campden (cha kuondoa klorini) kwenye lita zote 31 kabla ya kupasha. Ukiruka hatua hii bia itanuka plasta ya kidonda, na harufu hiyo haitoki hata uisubiri vipi.

2. Kuloweka. Pasha lita 15 hadi nyuzi 73, mimina kimea kilichosagwa huku ukikoroga madonge yaishe. Joto litatulia kwenye 67. Lishikilie saa nzima. Ukiloweka kwa 64 bia inatoka kavu, ukifika 70 inabaki na utamu. Kwa hiyo kipimajoto kinachodanganya nyuzi tatu kinakubadilishia bia nzima. Kijaribu kwenye barafu iliyopondwa na maji: kisome sifuri.

3. Kusuuza. Lita 16 kwa nyuzi 76. Acha kukusanya yanayotoka yakishuka chini ya 1.010, la sivyo unakamua tanini na bia itakausha ulimi kama chai iliyosahauliwa na majani yake. Sufuriani uwe na lita 26 zenye 1.043 hivi. Ikisoma chini zaidi, chemsha kwanza ipungue ndipo uweke hopsi za uchungu.

4. Kuchemsha. Saa moja, sufuria wazi. Kisha poza upesi hadi 18.

5. Kuchachusha. Nyuzi 18 hadi 19. Povu likianza kulala, pandisha hadi 21 kwa siku tatu ili hamira imalizie diasetili, ile harufu ya siagi. Usiangalie mapovu ya kizibo cha hewa. Amini haidromita (kipimo cha uzito kinachoelea) ikisoma namba ileile mara mbili, siku tatu zikipita katikati.

6. Chupa. Gramu 120 za sukari ya kawaida, zichemshwe kwenye maji kidogo. Bia ambayo haijamaliza ikifungwa na sukari hiyo, chupa hupasuka.

Sasa marekebisho. Onja baada ya wiki tatu chupani, na ubadilishe kitu kimoja tu kwa kila mpiko. Bia ikiwa tamu, soma namba ya mwisho kwanza. Ikiwa 1.018, sukari imebaki: angalia joto la kulowekea, umri wa hamira na baridi ya chumba. Ikiwa 1.012 na bado tamu, resipi ndiyo yenye kosa: shusha karameli hadi gramu 250 na uongeze kimea cheupe gramu 100, au pandisha Magnum hadi gramu 18, ambazo zinaongeza IBU nne. Usifanye yote mawili, hutajua kilichosaidia.

Bia nyepesi mdomoni haitaki karameli zaidi. Loweka kwa 68. Ukisikia ladha ya kuungua, punguza chokoleti hadi gramu 30, au itie wakati wa kusuuza tu. Uchungu ukiwa mkali huku kimea kimejificha, gramu 3 za kloridi ya kalsiamu kwenye maji ya kuloweka hulainisha ladha. Jasi hufanya kinyume, hutokeza hopsi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, sina vyombo vya kuloweka. Natumia unga wa kimea. Nafanyaje?
Weka kilo 2.6 za unga mweupe badala ya kimea cheupe na Munich. Karameli na chokoleti zisage, zitie kwenye mfuko, loweka nusu saa kwa nyuzi 67, kisha utoe mfuko kabla ya kuchemsha. Usiukamue.

Siku ya tano inasoma 1.020 na imegoma. Niongeze hamira?
Subiri kwanza. Unapima kwa haidromita au refraktomita? Refraktomita (kinachopima sukari kwa mwanga) hudanganywa na kilevi, husoma juu. Kama ni haidromita na sampuli ina nyuzi 20, pandisha joto hadi 21, zungusha ndoo taratibu bila kuifungua, pima tena baada ya siku tatu. Usijaze chupa.

Ilikuwa nyekundu safi, baada ya miezi miwili ni kahawia na ina ladha ya zabibu kavu. Ni karameli?
Ni hewa, ndugu. Karameli inaonyesha haraka tu. Tumia mrija unaofika chini ya chupa, bia isirushe matone, acha nafasi ya sentimita 2 hadi 3 shingoni. Gesi ikishaingia, weka kwenye friji.

Nikitaka lita 40, nazidisha kila kitu kwa mbili?
Kimea, hopsi na hamira ndiyo, pakiti mbili. Maji hapana. Mvuke unategemea upana wa sufuria na nguvu ya moto, kwa hiyo chemsha maji matupu saa moja kwenye sufuria hiyo, pima yaliyopotea, ndipo upange kiasi cha kusuuzia.