Jinsi ya Kufuatilia Michango ya Mbunge Wako Kwenye Hansard, Hatua kwa Hatua

Uchaguzi ukikaribia, orodha za wabunge "vinara wa kuchangia" zinaanza kusambaa: huyu kasimama mara nyingi kuliko wote, yule hajafungua mdomo miaka mitano. Nazisoma kama wengine, lakini kwa kazi yangu ya kuandika habari za wabunge wa mikoani sizitegemei. Mbunge anaweza kusimama kila wiki kuomba mwongozo wa Spika na asiache alama yoyote, na mwingine akaleta hoja moja ikaitikisa Serikali. Kwa hiyo sihesabu kusimama. Nafuata hoja: ilianzia wapi, ilijibiwaje, ilirudi lini, ikaishia wapi. Yote hayo yamo kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za majadiliano ya Bunge, mradi ujue pa kutazama.

Mfano wangu utakuwa Zitto Kabwe, mwanasiasa wa upinzani kutoka Kigoma, katika kipindi chake cha ubunge cha 2005 hadi 2020. Simpigii debe wala simkandii. Kumbukumbu zake zina karibu kila mtego ambao mfuatiliaji atakutana nao, na ukimweza yeye utamweza mbunge yeyote.

Hatua ya 1: Chagua hoja moja, si mbunge mzima

Usianze na "nataka kujua mbunge wetu amefanya nini". Utazama. Anza na jambo moja linalojulikana jimboni: maji, gati, bei ya tumbaku, barabara ya wilaya ambayo kila mwaka inaahidiwa lami. Liandike kwa sentensi moja, kisha orodhesha chini yake majina yote linayoweza kuitwa bungeni. Barabara ambayo wananchi wanaiita kwa jina la kijiji, wizara huwa inaitaja kwa miji miwili ya mwanzo na mwisho. Ukitafuta kwa jina la kijiji pekee, utaamini mbunge alikaa kimya.

Hatua ya 2: Jua kalenda kabla ya kupakua faili

Bunge la Tanzania hukutana mara nne kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni kwa ajili ya bajeti, kisha Agosti au Septemba, na mwisho Oktoba au Novemba. Mkutano wa bajeti ndio mrefu na ndio wenye nyama. Kila mkutano una vikao vyake, na Hansard hutolewa kikao kwa kikao kwenye tovuti ya Bunge.

Kuna jambo linalowachanganya wengi. Namba za mikutano huanza upya kila Bunge jipya linapoundwa. "Mkutano wa Saba" upo katika Bunge la 9, la 10, la 11 na la 12, kila mmoja na mwaka wake. Katika Bunge la 12, mikutano ya bajeti ni ule wa 3 (2021), wa 7 (2022), wa 11 (2023), wa 15 (2024) na wa 19 (2025). Ukishaona namba zinaruka nne nne, huhitaji kufungua faili moja moja kutafuta bajeti. Ila daima andika Bunge la ngapi, mkutano, kikao na tarehe. Ukikosa kimojawapo, msomaji wako hatakipata ulichokiona.

Hatua ya 3: Mtafute kwa majina yake yote

Katika Hansard za miaka ya mwanzo, Zitto ameandikwa MHE. KABWE Z. ZITTO. Baadaye anakuwa MHE. ZITTO Z. KABWE. Ukitafuta "Zitto Kabwe" kama maneno mawili yaliyofuatana, faili nyingi zitakuambia hayumo. Tafuta jina moja tu, lile lisilo la kawaida zaidi, kisha chuja mwenyewe kwa macho. Wabunge wanawake wanaoongeza jina la mume katikati ya muhula wana shida hiyo hiyo, na vifupisho vya majina ya kati hubadilika kutoka kikao hadi kikao.

Jimbo nalo si kitambulisho cha kudumu. Huyo huyo alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA hadi 2015, halafu akarudi kama mbunge wa Kigoma Mjini kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Wabunge wa viti maalum hawana jimbo kabisa, kwa hiyo wafuatilie kwa jina na kwa mkoa wanaoutaja.

Sasa tazama mwonekano wa maandishi. Jina likiwa kwa herufi kubwa na kufuatiwa na nukta mbili, mwenye jina anazungumza. Likiwa kwa herufi ndogo ndani ya aya, ametajwa na mtu mwingine. Kwenye programu ya kusomea PDF weka alama ya kutofautisha herufi kubwa na ndogo, utaokoa muda mwingi. Lakini kutajwa kusitupwe. Waziri akisema "kama alivyosema Mheshimiwa fulani", hapo ndipo unapoona kuwa mchango umesikika.

Hatua ya 4: Tenganisha aina za michango

Hapa ndipo orodha za vinara zinapoharibika, maana zinajumlisha vitu visivyofanana, kama anayejumlisha mbuzi na kuku akasema ana mifugo ishirini.

Swali la msingi lina namba, lina kichwa cha habari, na limepelekwa mapema, kwa hiyo jibu lake limeandaliwa na wizara. Tazama kama mbele ya jina pameandikwa "K.n.y.". Hiyo ni kwa niaba ya. MHE. A (K.n.y. MHE. B) maana yake swali ni la B, ambaye hakuwepo ukumbini, na A amelisoma tu. Swali liingie kwa B. Ila maswali ya nyongeza yanayofuata ni ya A, kwa sababu ndiye aliyesimama. Nyongeza kwa kawaida ni mawili kwa mwenye swali, na mara nyingi yana thamani kuliko la msingi, kwa kuwa hapo Naibu Waziri anatoka nje ya karatasi yake. Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Hayo yapange peke yake.

Mchango wa kuzungumza katika mjadala wa bajeti ya wizara au muswada ndio watu wanaoufikiria wakisema "kachangia". Muda ni mfupi, dakika kumi au chini ya hapo, na aya za kwanza huishia kwenye shukrani na pongezi. Ziruke. Mwishoni utakuta "naunga mkono hoja", na hiyo usiichukulie kama msimamo. Mbunge anaweza kuichana wizara dakika tisa na nusu na bado akamalizia hivyo. Msimamo utafute katikati.

Michango kwa maandishi watu huisahau. Wasiopata nafasi ya kusema hupeleka karatasi, na Hansard huichapa. Video haitakuonyesha. Mbunge mkimya ukumbini anaweza kuwa na kurasa nzima huko, tena zenye takwimu za kata kwa kata.

Taarifa, kuhusu utaratibu na mwongozo ni kuingilia mazungumzo ya mwingine. Mimi huwa naziweka safu ya mwisho ya jedwali ninalojazia michango, na hazionekani kwenye habari yangu isipokuwa zimebadilisha mwelekeo wa mjadala.

Halafu kuna shilingi. Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, kwenye kifungu cha mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kutishia kuondoa shilingi moja kwenye mshahara huo ili alazimishe maelezo. Usiishie pale aliposema "nashika shilingi". Endelea kusoma hadi uone kama wenzake walimuunga mkono, waziri aliahidi nini, na yeye alirudisha shilingi kwa maneno gani. Mara nyingi ahadi iliyo wazi kuliko zote katika mkutano mzima imo kwenye mistari hiyo michache. Na ukikuta vifungu vinapitishwa mfululizo bila mjadala, muda uliisha na gilotini, yaani utaratibu wa kupitisha yaliyobaki bila mjadala, ikatumika. Usimlaumu mbunge kwa kunyamaza hapo.

Mwisho ni hoja binafsi, muswada binafsi na jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko ambayo mbunge anataka yafanywe kwenye muswada. Ni chache na ni kazi nzito. Ujue pia kuwa ibara ya 99 ya Katiba inambana mbunge wa kawaida kwenye mambo ya kodi na matumizi ya fedha za Serikali, kwa hiyo usimshangae asiyeleta muswada wa kupunguza kodi.

Hatua ya 5: Soma jibu kwa kalamu mkononi

Majibu ya Serikali yana lugha yake. "Serikali itatenga fedha kadri zitakavyopatikana" si ahadi. "Upembuzi yakinifu unaendelea" ni hatua, lakini uliza tangu lini. "Katika mwaka wa fedha huu zimetengwa shilingi kadhaa" hiyo ndiyo ya kushika, kwa sababu inapimika. Kwenye jedwali langu kila jibu linapata mojawapo ya alama tatu: kiasi na mwaka vimetajwa, hatua imetajwa bila kiasi, maneno matupu.

Tuseme mbunge wa kando ya Ziwa Tanganyika anauliza habari za gati. Mwaka wa kwanza anajibiwa upembuzi yakinifu unaendelea. Mwaka wa pili, vivyo hivyo. Mwaka wa tatu hajauliza. Pengo hilo la mwaka wa tatu ni habari: je, gati limejengwa, au mbunge amechoka? Swali la namna hiyo huwezi kulipata kwa kuhesabu.

Jibu lenye kiasi lipeleke kwenye vitabu vya bajeti. Miradi ya maendeleo imo kwenye kitabu cha nne. Mwaka ukiisha, soma ripoti za CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, uone kama mradi umetajwa. Fedha zilizotengwa na fedha zilizotoka ni vitu viwili, na mbunge mjanja hurudi bungeni na tofauti hiyo mkononi.

Hatua ya 6: Ufuate mnyororo nje ya ukumbi

Agosti 2007 Zitto alileta hoja kuhusu mkataba wa mgodi wa Buzwagi, ambao uko Kahama, mbali kabisa na Kigoma. Matokeo ya papo hapo yalikuwa yeye kusimamishwa ubunge kwa muda. Ukiishia kwenye kikao hicho, utaandika habari ya mbunge aliyeadhibiwa. Lakini kabla mwaka haujaisha Rais Kikwete aliunda kamati chini ya Jaji Mark Bomani kupitia sekta ya madini, na Zitto akawa mjumbe wake. Mwaka 2010 ikapitishwa Sheria mpya ya Madini. Sisemi hoja moja ilizaa sheria. Wengi walisukuma, ndani na nje ya Bunge. Ninachosema ni kwamba kwenye orodha ya vinara hoja ile ni alama moja tu, sawa na mwongozo wowote wa Spika.

Kwa hiyo weka safu mbili: ya jimbo na ya taifa. Mbunge wa mkoani anayezungumzia jimbo lake tu anafanya nusu ya kazi, na anayezungumzia taifa tu atakuja kuulizwa nyumbani.

Kamati pia zina kazi ambayo ukumbini huioni. Taarifa ya kamati ikiwasilishwa, huisoma mwenyekiti, na jina lake ndilo hutoka kwenye habari. Zitto alipowasilisha taarifa ya PAC, Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali aliyokuwa mwenyekiti wake, kuhusu akaunti ya Tegeta Escrow, Novemba 2014, alisema kwa niaba ya kamati. Usiiweke kama mchango wake binafsi. Ina safu yake.

Hatua ya 7: Kunukuu

Nukuu kama ilivyo, pamoja na tarehe. "(Makofi)" na "(Kicheko)" acha; hazikuambii nani alipiga wala nani alicheka. Ukikuta tuhuma kali, soma kurasa zinazofuata, maana huenda Spika aliagiza kauli ifutwe. Ibara ya 100 ya Katiba inalinda uhuru wa majadiliano ndani ya Bunge. Wewe uko nje, kwa hiyo tuhuma ibaki mdomoni mwa aliyeisema.

Kabla ya kuchapisha, tuma jedwali kwa ofisi ya mbunge. Watakuletea michango unayodaiwa kuiruka. Waombe tarehe na kikao, kaitafute. Ikiwemo, iingize. Isipokuwemo, jedwali libaki kama lilivyo, hata wakipiga simu mara ngapi.