Namna ya Kupanga Idadi ya Mipingo ya Kuvuna Katika Msitu wa Kijiji

Kijiji cha mkoa wa Lindi chenye msitu wake wa hifadhi hakina budi, kabla ya kuzungumza na mnunuzi yeyote, kufahamu msitu huo unaongezeka kwa kiasi gani. Mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kupasuliwa, na bei hata ikipanda maradufu, mti hauongezi kasi ya kukua.

Anzeni na hesabu. Kamati ya maliasili iongozane na afisa misitu wa wilaya, wapime kila mpingo katika maeneo ya sampuli, kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini. Zungusheni futi kamba kwenye shina, kisha gawanyeni mzingo kwa 3.14, mzingo wa sentimita 94 ni kipenyo cha takriban sentimita 30. Gongeni shina pia kwa ubapa wa panga na kusikiliza, kwa kuwa mipingo mingi mikubwa huwa na uwazi ndani. Wenye uwazi usihesabiwe kuwa mali ya kuuza, bali uachwe utoe mbegu.

Tuseme imepatikana mipingo 600 inayofaa kuvunwa, na midogo inayofuatia inahitaji miaka 30 kuifikia. Kikomo ni miti 20 kwa mwaka, nami ningeshauri 15, maana moto na wizi navyo huchukua fungu lao. Idadi hiyo iingie katika mpango wa uvunaji na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji.

Mtihani huja pale mnunuzi anapotaka miti 40 na paa la zahanati linavuja. Haja hiyo ni ya kweli, lakini msikubali: nyongeza ya fedha itafutwe katika thamani ya kila mti, kwa kupasua mbao badala ya kuuza magogo, kuwauzia wachongaji wa Kimakonde vipande vinavyobaki, na kutafuta cheti cha uvunaji endelevu, kama cha FSC (baraza la kimataifa la usimamizi wa misitu) ambacho vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilikipata mwaka 2009.

Majani yachomwe mapema, mara masika yakiisha na yangali na unyevu, kwa sababu moto wa mwisho wa kiangazi huua machipukizi. Rudieni kupima kila baada ya miaka mitano. Miti ikionekana kupungua, idadi ya kuvuna ishushwe mwaka huohuo.