Kubuni na Kutengeneza Propela ya Ubao wa Umeme wa Haidrofoili

Ubao wa umeme wa haidrofoili, yaani ubao ambao bawa lililo chini yake majini huunyanyua juu ya maji unapokwenda kasi, husukumwa na propela ndogo, ambayo kipenyo chake kwa kawaida huwa kati ya milimita 120 na 170, na propela hiyo hutakiwa kufanya kazi mbili zisizopatana. Ya kwanza ni kuutoa ubao majini wakati tumbo lake bado limelala juu ya maji na mwendo ni mdogo. Ya pili ni kuusukuma kwa muda mrefu, kwa umeme kidogo, baada ya bawa kuunyanyua. Wengi wanaojitengenezea propela huanza kwa kuiga umbo lililowapendeza machoni, kisha hushangaa betri inapokwisha mapema au kidhibiti mwendo kinapopata moto. Ushauri wangu ni kuanza na hesabu ya msukumo, kwa kuwa propela inayomfaa mpandaji wa kilo 60 huenda isimfae kabisa wa kilo 95 mwenye mota nyingine. (Vitabu huiita rafadha, hapa nitatumia propela kwa kifaa kizima na mapanga kwa sehemu zake zinazokata maji, kama tunavyosema mapanga ya feni.)

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mpandaji, ubao na betri vikiwa na kilo 110 kwa pamoja, uzito wake ni takriban niutoni 1,080. Ikiwa nguvu ya kunyanyua ni mara nane ya ukinzani wa mabawa, ganda la mota na mlingoti (ambao hapa, tofauti na wa jahazi, huelekea chini), basi msukumo unaohitajika ni niutoni 135. Kwa mwendo wa mita 7 kwa sekunde, yaani kama kilomita 25 kwa saa, hiyo ni nguvu ya wati 945 tu. Wakati wa kunyanyuka mambo hubadilika: mwendo ni kama mita 3.5 kwa sekunde, tumbo la ubao linaburuza, na ni busara kupanga msukumo wa niutoni 250.

Kipenyo

Propela hupata msukumo kwa kuyasukuma maji nyuma, na kadiri inavyoshika maji mengi na kuyasukuma polepole, ndivyo inavyopoteza nguvu kidogo. Ukomo wa ufanisi wake hupatikana hivi: zidisha nusu ya msongamano wa maji (kilo 1,025 kwa mita ya ujazo baharini, 1,000 ziwani) kwa eneo la duara la propela na kwa mraba wa mwendo, gawanya msukumo kwa jibu hilo, ongeza moja, tafuta kipeuo cha pili, ongeza moja tena, kisha gawanya mbili kwa jibu la mwisho. Katika mfano wetu, propela ya milimita 150 ina ukomo wa asilimia 93 katika mwendo wa kawaida na 71 wakati wa kunyanyuka, ilhali ile ya milimita 120 ina 90 na 64. Tofauti ya tatu katika mwendo wa kawaida hutaihisi, lakini ile ya saba ndiyo inayoweza kuamua kama mpandaji mzito ataondoka majini au ataburuzwa tumbotumbo hadi ufukoni. Propela halisi haifiki ukomo huo kwa sababu ya msuguano wa mapanga na maji yanayozunguka bure nyuma yake. Ya kujitengenezea ikifika asilimia 70 katika mwendo wa kawaida, si haba.

Hata hivyo kipenyo hakiongezwi bila kikomo. Panga refu huipa mota mzigo mkubwa wa kuzungusha, ncha yake hukaribia uso wa maji na kuvuta hewa, na mpandaji anayependa kuzima mota ili ateleze na wimbi hujikuta anaburuza breki. Kwa mtu wa aina hiyo ningechagua milimita 120 na kumwambia avumilie kunyanyuka kwa shida.

Pichi

Pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa parafujo inayopenya ubao. Mota yenye Kv ya 100, yaani mizunguko 100 kwa dakika kwa kila volti, ikiunganishwa na betri ya seli 14 za lithiamu zenye jumla ya volti 50.4, huzunguka takriban mara 4,000 kwa dakika inapobeba mzigo, nikichukulia kwamba mzigo huipunguzia sehemu moja ya tano ya kasi. Mita 7 kwa sekunde katika kasi hiyo ni milimita 105 kwa mzunguko. Kwa kuwa maji si ubao na propela huteleza ndani yake, tenga asilimia 20 kwa ajili ya mtelezo: 105 gawanya kwa 0.8 ni milimita 131.

Sasa geuza pichi kuwa pembe. Tanjenti ya pembe ya panga ni pichi iliyogawanywa kwa mzingo wa duara la mahali unapopapima. Milimita 30 kutoka katikati pembe ni nyuzi 35, kwenye milimita 50 ni nyuzi 23, na kwenye ncha, milimita 75, ni nyuzi 15.5. Hii ndiyo sababu panga lazima lisokotwe. Bapa lililonyooka lililobandikwa kwenye kitovu husukuma maji mahali pamoja na kuyakoroga kwingine.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Katika mwendo wa kawaida, panga la mfano wetu hukutana na maji kwa mwinuko wa kama nyuzi 4. Wakati wa kunyanyuka, mota ikizunguka mara 3,300 na ubao ukienda nusu ya mwendo, mwinuko huo hukaribia nyuzi 11 kabla ya kuhesabu maji ambayo propela yenyewe huyavuta. Anayeongeza pichi kwa tamaa ya kasi huusogeza mwinuko huo hadi mahali ambapo maji yanaacha kufuata mgongo wa panga. Mota hunguruma, ampea hupanda, na ubao haunyanyuki. Ukisita kati ya pichi mbili, chukua iliyo ndogo.

Umbo la panga

Mapanga mawili yana msuguano mdogo; matatu hutetemeka kidogo na hugawana mzigo vizuri zaidi, nami huchagua matatu. Kwa umbo la mkato wa panga, lile la bawa la ndege liitwalo NACA 4412 linatosha kuanzia, likifanywa jembamba kuelekea nchani. Ncha ya propela yetu hukata maji kwa mita 31 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 110 kwa saa, na katika kasi hiyo shinikizo mgongoni mwa panga linaweza kushuka hadi maji yachemke bila moto, yakitoa viputo vinavyopunguza msukumo na kula uso wa chuma. Kwa hiyo punguza upana na pichi kidogo kwenye sehemu ya mwisho ya panga. Programu ya JavaProp ya Martin Hepperle, ingawa ilianzia kwenye ndege, hukubali msongamano wa maji na hutoa upana na pembe kwa kila umbali kutoka katikati, ambavyo unavihamishia kwenye FreeCAD, programu ya kuchora vifaa.

Shina la panga lisionewe uchoyo. Niutoni 250 zikigawanywa kwa mapanga matatu, kila moja hubeba karibu kilo 8.5, na unene ukipunguzwa nusu, mkazo kwenye shina huongezeka mara nne. Milimita 6 za unene na 40 za upana ni kipimo ninachokiamini kwa plastiki.

Utengenezaji

Propela ya majaribio huchapishwa kwa printa ya 3D, mhimili wake ukiwa wima, ili nyuzi za plastiki zilale kufuata urefu wa panga. Ya kwanza kwangu niliichapisha ikiwa imesimama kwa ukingo ili nipunguze vishikizo vya plastiki vinavyoitegemeza wakati wa kuchapishwa, na ilikatika shinani kabla sijanyanyuka mara mbili. Jaza plastiki asilimia 100. PLA, plastiki ya kawaida ya printa hizi, inafaa kukagua vipimo tu, kwa kuwa hulainika kwenye nyuzi 60 hivi, joto ambalo jua la mchana pwani hulifikisha kwa urahisi ndani ya gari lililofungwa. Tumia plastiki ya PETG, au bora zaidi nailoni yenye nyuzi za kaboni. Piga msasa, paka epoksi, piga msasa tena ukiwa na maji, na uache ukingo wa nyuma uwe mwembamba bila kuwa wembe.

Umbo likishathibitika, unaweza kulipeleka kwa fundi wa kusubu alumini kwa kalibu ya mchanga, likiwa limekuzwa kwa takriban asilimia 1.3 kwa sababu alumini husinyaa inapopoa. Alumini ikigusana na shafti ya chuma kisichoshika kutu ndani ya maji ya chumvi ndiyo huliwa, hivyo weka washa ya nailoni na grisi, na suuza kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya matumizi.

Ipitishe propela kwenye fimbo laini iliyolala juu ya kingo mbili zilizo sawa. Panga linaloshuka daima ndilo zito, nalo lisuguliwe mgongoni taratibu mpaka propela itulie popote unapoiacha. Ikizunguka kinyume baada ya kufungwa, badilisha waya mbili kati ya tatu za mota.

Usiijaribu mota nchi kavu ikiwa na propela. Funga pete ya kinga kuzunguka mapanga wakati wa majaribio, ingawa huongeza ukinzani, na vaa kamba ya sumaku inayokata umeme ukianguka. Majini, soma volti na ampea kutoka kwenye kidhibiti na mwendo kutoka kwenye GPS, ukienda na kurudi njia ileile ili mkondo usikudanganye. Ikiwa propela ina ufanisi wa asilimia 70 na mota 85, mfano wetu utakula wati 1,590 hivi, yaani wati-saa 63 kwa kilomita. Ukipata 80, kagua kwanza kama kuna mwani uliojisokota kwenye shafti, kisha badilisha pichi kwa milimita 5 huku kipenyo kikibaki vilevile, na upime tena.