Mazoezi ya ubongo kwa kompyuta kwa mzee aliyeanza kusahau

Mzee anarudia swali lilelile mara tatu asubuhi moja, lakini bado anapika, anahesabu chenji na anakwenda ibadani mwenyewe. Huenda ni kile madaktari wanachokiita upungufu mdogo wa utambuzi. Kabla hujagusa kompyuta, apimwe vitamini B12, tezi ya thairodi, masikio, macho na sonona. Mpeleke na dawa zote anazotumia: Piriton (ya mzio) na diazepam (ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi), kwa mfano, huvuruga kumbukumbu. Usimwachishe dawa bila kumwuliza daktari, hasa diazepam.

Mazoezi yawe mara tatu kwa wiki, dakika 45 kila kipindi, na mapumziko mafupi katikati. Uchambuzi wa tafiti 52 uliochapishwa mwaka 2014, ingawa ulihusu wazee wasio na tatizo hili, haukuona faida kwa vipindi visivyozidi dakika 30, kwa wanaofanya zaidi ya mara tatu kwa wiki, wala kwa wanaojifanyia nyumbani bila msimamizi. Kumpa tableti na kumwacha peke yake sebuleni ni kujisumbua.

Tableti ni rahisi kuliko kompyuta yenye kipanya, ila wazee wengi hubonyeza kwa muda mrefu, na kwenye Android hilo hufungua menyu asiyoitaka. Ingia kwenye mipangilio ya ufikivu, ongeza muda wa kugusa na kushikilia. Kuza maandishi, zima arifa (simu ya WhatsApp ikiingia katikati, zoezi limeharibika), na keti pasipo na mwanga unaoakisi kwenye kioo. Wiki ya kwanza usiandike alama. Zikipanda ghafla siku hizo, alichojifunza ni kubonyeza tu.

Kazi kubwa ni kupanga kiwango cha ugumu. Lenga apate majibu 8 kati ya 10. Akipata 9 au zaidi vipindi viwili mfululizo, pandisha. Akishuka chini ya 6, rudisha nyuma siku hiyohiyo, la sivyo atakataa kurudi. Chukua zoezi la kasi: gari linatokea katikati ya skrini na alama nyingine pembeni, kisha vyote vinapotea, naye aseme ni gari gani na alama ilikuwa wapi. Picha hukaa muda mfupi zaidi kadiri anavyopatia. Wengi hukosea kwa sababu jicho linakimbilia pembeni. Mwambie akaze macho katikati.

Msimamizi mbaya kuliko wote ni mjukuu mwenye haraka, anayenyoosha kidole na kubonyeza kwa niaba ya bibi. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo, kisha uliza: “Bibi, hapa tulikuwa tunatafuta nini?” Fanyeni asubuhi baada ya chai. Usiku uliotangulia kama hakulala vizuri, ahirisha.

Matarajio yawe ya kiasi. Kwa wenye upungufu huu, tafiti zimeonyesha nafuu ya wastani ya kumbukumbu. Kwa waliokwisha kupata dimenshia, yaani usahaulifu unaomzuia mtu kujitegemea, ndogo mno. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity, inayouza michezo ya ubongo, ililipa dola milioni 2 nchini Marekani kumaliza shauri la matangazo yaliyodai mambo yasiyothibitishwa. Na katika jaribio la watu 107 wenye upungufu huu, lililochapishwa 2022 hukohuko, waliojaza mafumbo ya maneno kwenye kompyuta walifanya vizuri kuliko waliocheza michezo ya ubongo. Kama mzee anapenda chemshabongo, usimlazimishe magari.

Maendeleo yapime nje ya skrini: je, anakumbuka dawa zake, anatuma pesa kwa simu bila kurudia? Akianza kupotea njia anayoijua, rudini kliniki. Akichanganyikiwa ndani ya saa au siku chache, huo si mwendo wa upungufu huu; huenda ni maambukizi, sukari au kiharusi, na ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.