Mazoezi kwa Ajili ya Afya: Jinsi ya Kuendelea Hata Mizani Ikigoma

Nafundisha watu mazoezi. Wengi wanaokata tamaa mapema si wavivu. Wamepanda mizani, wakaona namba ileile, wakadhani jasho lao limepotea bure. Lakini uzito hupanda na kushuka hata kilo moja ndani ya siku kwa sababu ya maji na chakula kilichomo tumboni. Hali ya moyo, misuli na pumzi haisomeki pale.

Hatua ya 1: Weka mizani kando

Isogeze mahali usipoiona kila asubuhi. Aliyeagizwa na daktari ajipime uzito, mathalani mwenye maradhi ya moyo au figo, aendelee kujipima kama alivyoambiwa.

Hatua ya 2: Chagua kipimo kingine

Hapa usiharakishe, maana ari hufuata ushahidi. Mimi hutumia vipimo viwili.

Cha kwanza ni mapigo ya moyo ya asubuhi. Ukiamka, kabla hujatoka kitandani wala kunywa chochote, weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Usitumie kidole gumba chenyewe kupima, kina mapigo yake na kitakuchanganya. Hesabu kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyetulia, kawaida ni kati ya 60 na 100. Anayefanya mazoezi ya kuongeza pumzi, kama kutembea kwa kasi au kukimbia, kwa wiki kadhaa mara nyingi huona namba ikishuka taratibu, kwa sababu moyo wenye nguvu husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. (Baadhi ya dawa za presha nazo hushusha mapigo, ukizitumia, tegemea zaidi kipimo cha pili.)

Cha pili ni kiti. Kiegemeze ukutani, kaa katikati yake, nyayo zikanyage chini, kunja mikono kifuani. Kwa sekunde 30 simama wima kabisa na kukaa tena, ukihesabu kila unaposimama. Kinaonekana cha kitoto, ila miguu inayokutoa kitini ndiyo itakayokupandisha ngazi uzeeni.

Andika namba zote mbili pamoja na tarehe.

Hatua ya 3: Jua unachopata leo

Faida nyingine hazingoji miezi. Baada ya kutembea kwa kasi, presha inaweza kushuka kwa saa kadhaa. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, ndiyo maana matembezi mafupi baada ya kula yana maana. Na usidhani lazima uwe mwanariadha: mwaka 1953, mtafiti wa afya wa Uingereza Jerry Morris na wenzake walionyesha kwamba makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva waliokaa.

Hatua ya 4: Panga kiasi

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa watu wazima dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Dakika chache chache nazo zinahesabika.

Hatua ya 5: Funga zoezi kwenye jambo unalolifanya tayari

"Nitafanya jioni" ni ahadi hewa. Sema: "Nikishapiga mswaki, nachuchumaa mara kumi."

Hatua ya 6: Weka kima cha siku mbaya

Amua mapema kitu kidogo ambacho hata ukichoka utakifanya, kwa mfano dakika tano za kutembea. Siku hiyo ukikifanya, umemaliza. Usijidai deni la kulipa kesho. Ila homa si siku mbaya, ni siku ya kupumzika. Na ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi kusiko kwa kawaida, acha papo hapo ukatafute matibabu.

Hatua ya 7: Rudia vipimo kila baada ya wiki nne

Namba ikigoma mara mbili mfululizo, ongeza kitu kimoja tu: ama dakika, ama kasi, ama mwinuko. Ukiongeza vyote kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia, na magoti ndiyo yatakayotangulia kulalamika.