Kabla ya kurudisha swingamu ya pikipiki (mkono unaoshika tairi la nyuma) kwenye fremu iliyopigwa rangi upya

Beringi mpya zikishaingia na fremu ikatoka kwa fundi rangi, usikimbilie nyundo. Bolti ndefu ya swingamu ikigoma kupita, mara nyingi tatizo ni rangi iliyojaa ndani ya tundu na kwenye nyuso za ndani ambako swingamu inabanwa. Piga msasa hapo tu, mpaka chuma kionekane, kisha paka grisi nyembamba kuzuia kutu. Rangi ikibaki katikati ya vyuma viwili hukandamizika taratibu, na nati uliyoikaza vizuri leo inalegea yenyewe. Rangi ya unga (inayopulizwa ikiwa unga kisha kuokwa) ndiyo mbaya zaidi, maana tabaka lake ni nene.

Bolti yenyewe ipake grisi urefu wote, isipokuwa kwenye nyuzi. Ipitishe kwa mkono huku msaidizi akiinua swingamu kidogo.

Kaza, halafu jaribu kabla ya kufunga shokapu na tairi. Inua swingamu, iachie: inatakiwa ishuke yenyewe kwa utulivu, na ukiisukuma kushoto na kulia isicheze. Ikikwama, angalia bomba la ndani ya beringi. Likiwa fupi, nati inabana beringi badala ya bomba, na beringi hiyo haitadumu.

Wenye bushi za mpira badala ya beringi, jaribio hili haliwahusu. Nyie kazeni mwisho pikipiki ikiwa imesimama kwa tairi zake, la sivyo mpira utakaa umejisokota muda wote na kuchanika mapema.

Nati ya kujifunga yenye plastiki, nunua mpya.