Kabla hujashusha apu ya flashkadi, angalia haya kwanza

UE (mitihani ya mwisho wa semista) ikikaribia, pale kwenye vimbweta vya UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, lazima umkute mtu kashusha apu mpya ya flashkadi (kadi za kujikumbusha, swali upande mmoja jibu upande wa pili), wiki mbili mbele kaifuta anasema haisaidii kitu. Mara nyingi apu haina kosa, yeye alichagua kwa macho, kaona rangi nzuri basi.

Cha kwanza jua inakupangia vipi siku ya kurudia. Kuna apu kibao zinajiita za flashkadi ila zinachanganya tu kadi na kukutolea zote kila siku, hiyo ni kucheza karata. Unataka ile ambayo swali ukilijibu sawa inalisogeza mbele, siku 3, wiki, mwezi, ukikosea linarudi leoleo. Na hili jambo wala halikuanza na simu, Sebastian Leitner alishalieleza miaka ya 1970 kwa maboksi tu, vikaratasi vinahama boksi kwenda boksi, kwahiyo hata asiye na smatifoni maboksi ya viatu yanamtosha.

Afu bando. Zima data kabisa, fungua apu, ona kama kadi zinakuja. Ukiwa kwenye basi la Kondoa mtandao unakata unarudi, apu inayotaka intaneti muda wote utaichukia. Anki, apu mojawapo ya flashkadi, haina shida hiyo, kwenye kompyuta ni bure na kwa Android kuna AnkiDroid, bure pia, wa iPhone ndo mnalipia (poleni). Ila soma jina vizuri kabla hujabonyeza, kuna zinazofanana jina na sio yenyewe.

Lingine ambalo mimi liliniuma, angalia kama unaweza kutoa kadi zako ukaondoka nazo. Niliwahi kuandika kadi kama 600 za dawa kwenye apu moja, muda wa bure ukaisha, wakataka nilipie kwa kadi ya benki ndo nizione. Bumu lenyewe (hela ya mkopo wa chuo) lilikuwa limeshaisha zamani. Kazi ya semista nzima nikaiacha hukohuko, tangu siku hiyo kitu cha kwanza natafuta ni kitufe cha kuhamisha, nisipokiona sianzi.

Kuhusu madeki (mafungu ya kadi) ya watu wengine, chukua uangalie mfano ila andika yako kutoka kwenye madesa (notisi) yako, swali moja jibu moja, ukijaza paragrafu nzima kwenye kadi utaikimbia.

Na piga hesabu ya mzigo kabla. Anki ukiiacha ilivyo inakupa kadi mpya 20 kwa siku, inaonekana kidogo eti, lakini ukienda hivyo kila siku marudio yanapanda mpaka kama 200 kwa siku, na ukilala siku tatu zinakusubiri zote. Jaribu somo moja kwanza, kadi 30, wiki nzima. Mimi sa hivi naweka mpya 10, Jumapili sifuri.